Naombeni ushauri: pweza wangu wa vitambaa anapotea nikirudi nyuma hatua tatu

NyuziNaMawimbi (mleta uzi)

Habari za muda huu, wanajukwaa. Nimekuja na jambo linaloninyima usingizi, na najua humu wamo mafundi walioshalipitia.

Ninashona mifarishi ya sanaa, ile ya kutundika ukutani. Sifuati miraba ya viraka. Nakata vipande vidogo vya kila aina ya kitambaa, navipanga kimoja juu ya kingine mpaka kiumbe atokee, nabandika kwa gundi ya pasi, halafu napitisha cherehani juu ya yote. Wadudu na viumbe wa baharini ndio wameuteka moyo wangu. Kereng'ende nilimmaliza, na hata leo nikimtazama nafurahi. Sasa yuko pweza mezani, upana wake sentimita 90, na hii ni wiki ya sita.

Nikimwinamia ni mzuri kweli. Mnyiri mmoja, yaani mkono wake, nimeuunda kwa batiki ya zambarau, juu yake hariri ya rangi ya damu ya mzee, na vinyonyeo nimevikata kwenye kitenge chenye vidoti: kidoti kimoja, kinyonyeo kimoja, vikipungua ukubwa kadiri mnyiri unavyochongoka. Vinyonyeo peke yake vimekula jioni nne. Nikimtundika ukutani na kurudi hatua tatu, simwoni. Naona doa la zambarau juu ya bahari ya bluu. Minyiri yote 8 imeshikana ikawa donge.

Kuna mengine mawili. Kingo zinatoa nyuzi, hasa za hariri. Na nikijaribu kushona pembeni, sindano inanata na uzi unakatika kila baada ya sentimita chache.

Niko karibu kumbandua wote nianze upya. Tatizo ni rangi nilizochagua, au ni mpangilio?

BiMkasi

Dada, usibandue hata kipande kimoja. Chukua simu, simama mbali, mpige picha, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Halafu rudi utuambie ulichokiona.

Nakuhakikishia utaona kijivu kimoja kuanzia kichwani hadi ncha ya mwisho, na bahari nyuma yake kijivu kilekile. Zambarau iliyoiva na bluu iliyoiva ni rangi mbili, lakini giza lao ni moja. Jicho likiwa karibu linafurahia rangi. Likiwa mbali linatafuta mahali mwanga unapokutana na kivuli, na usipompa hapo, mnyama hana umbo.

Mimi vipande vyangu sivipangi kwa rangi tena. Nina maboksi matano: la vyeupevyeupe, linalofuatia, la katikati, la vinavyoelekea giza, na la giza kabisa. Ndani ya boksi moja kijani, chungwa na waridi vinakaa pamoja bila ugomvi. Nikishona mgongo wa samaki nachota boksi la nne, tumboni boksi la kwanza, na rangi naiacha ifuate moyo wangu. Ndiyo maana unaweza kumshona kasa mwekundu au nyuki wa bluu na watu wakamtambua papo hapo.

Kwenye minyiri inayopishana, sheria yangu ni hii: ule wa juu upe ukingo wa mwanga, na ule unaopita chini utie giza pale unapojificha. Upana wa kidole tu unatosha. Sikuambii ubadilishe mnyiri mzima.

mbawakawa_6

Naungana na BiMkasi kuhusu mwanga na kivuli, ila naongeza kitu kinachosahaulika sana: mjue kiumbe wako kabla ya kushika mkasi.

Nasema hivi kwa uchungu. Mfarishi wangu wa kwanza ulikuwa wa mbawakawa wa kijani. Nilimshona miezi miwili, nikampangia miguu vizuri, jozi moja kifuani na jozi mbili tumboni. Siku namwonyesha watu, mzee mmoja aliyewahi kufundisha habari za wadudu akasimama mbele yake kimya, kisha akaniambia kwa upole kwamba mdudu yeyote miguu yake 6 yote inatoka kifuani, na mabawa vilevile. Tumbo halibebi mguu. Nilifumua.

Tangu siku hiyo nachora kwanza. Kwa mbawakawa, yale mabawa magumu ya mbele hukutana katika mstari mmoja mnyoofu katikati ya mgongo. Mstari ule una kazi kubwa kuliko vipande vyako vyote: ukiuweka katikati, mdudu katazama mbele, ukiupeleka pembeni na kuupinda kidogo, tayari kageuka na ana unene. Kwa kereng'ende, mabawa 4 hukaa yamenyooshwa hata akitua. Ukimkunjia mgongoni umeshona jamaa yake mwingine, yule mwembamba.

Mng'ao je? Rangi ya chuma ya mbawakawa wengi haitokani na rangi iliyopakwa, ni matabaka ya gamba lake yanavyorudisha mwanga, ndiyo maana inabadilika ukisogea. Kitambaa kinachofanya jambo la karibu na hilo ni satini. Kata vipande viwili kwenye satini ileile, kimoja ukiweke kwa urefu wa nyuzi, kingine ukigeuze robo mzunguko. Kimoja kitawaka na kingine kitatulia, na ukipita mbele yake vinabadilishana. Ukuta mzima wa watu utadhani ulinunua vitambaa viwili.

Kama unataka mwalimu wa kuangalia, tafuta michoro ya Maria Sibylla Merian. Mwaka 1699, akiwa na miaka 52, alisafiri na binti yake hadi Suriname kuchora wadudu. Aliwafuga viwavi, akawachora na mmea wanaoula, kuanzia yai hadi kipepeo, kwenye ukurasa mmoja. Mimi nimejifunza kwake kwamba jani linaloliwa ni sehemu ya picha ya mdudu.

ShonaPole

Nizungumzie sindano na gundi, maana hapo ndipo kazi nyingi zinapofia.

Kwanza hesabu matabaka. Kama kila kipande umekipaka gundi mgongo mzima, pale vipande vitano vinapopandana umejenga ubao. Sindano inapita kwenye gundi tano, inapata joto, gundi inayeyuka na kuganda juu yake. Ndicho kinachokukatia uzi. Kwa vipande vikubwa, kabla hujabandika karatasi ya gundi kwenye kitambaa, itoboe katikati ubakize ukingo wa upana wa nusu sentimita hivi. Kitambaa kitashikwa pembeni na katikati kitabaki laini. Kwa vipande vidogo kama vinyonyeo, paka mgongo mzima, havina madhara.

Kwa pweza uliyenaye, ambaye keshabandikwa: tumia sindano mpya yenye ncha kali, namba 14. Ifute kwa pamba yenye spiriti kila unapoona imeanza kunata. Shusha meno ya cherehani, funga mguu wa kutarizia, legeza kidogo mkazo wa uzi wa juu, na uzi uwe wa poliesta, unavumilia kuliko wa pamba. Usikimbie na kanyagio. Jaribu kwanza kwenye kiraka chenye matabaka yaleyale, si kwenye kitambaa kimoja kitupu, maana hapo utadanganyika.

Kingo: nyuzi zinatoka pale gundi isipofika ukingoni. Bandika gundi kwanza, kata umbo baadaye, ndipo gundi itafika mpaka kwenye makali. Pia kitambaa kilichokatwa mshazari hakitoi nyuzi kama kilichokatwa kufuata uzi wake. Hariri ndiyo sumbufu kuliko zote, ipe mshono milimita 2 ndani ya ukingo na uizungushe mara mbili.

Tena fua au lowanisha batiki zako kabla hujazikata. Zambarau na nyekundu zinapenda kuchuja, na siku utakapopata unyevu kwenye kipande cheupe utalia.

Kitambaa_na_Chumvi

Mimi gundi niliiacha kabisa. Napanga vipande vyote bila kubandika, natandika neti laini ya shela juu ya kazi nzima, nabana kwa pini, nashona. Neti inashika kila kitu, hata vipande vya ukubwa wa punje. Mdudu mwenye mabawa angavu anapendeza mno chini ya neti. Kwa kereng'ende naweka oganza tupu, kile kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga, halafu mishipa yote naichora kwa uzi mweusi.

ShonaPole

Mkuu, kwa mabawa nakubali. Kwa pweza mzima nakataa, kwa sababu neti inafifisha rangi kote, na dada hapa shida yake ni kwamba tofauti za mwanga hazitoshi. Ukimfunika na neti unampunguzia hata hizo alizonazo.

Kitambaa_na_Chumvi

Hapo umenena. Basi dada, itumie kwa bahari tu, na hili ningependa ulijaribu hata kama yote mengine utayaacha.

Maji hula rangi. Nyekundu ndiyo ya kwanza kupotea kadiri unavyozama, kisha chungwa na njano, na bluu inabaki mwisho. Kwa hiyo kilicho mbali baharini kinakuwa na bluu zaidi na mipaka yake inafifia. Tandika neti ya bluu juu ya matumbawe na samaki wa nyuma, tabaka moja kwa walio karibu, mawili kwa walio mbali, kisha ikate pale inapokutana na mwili wa pweza ili yeye abaki wazi. Atasogea mbele mwenyewe bila wewe kugusa mnyiri hata mmoja. Pasi iwe ya moto mdogo na uweke kitambaa juu yake, neti na oganza za nailoni zinayeyuka upesi.

MwanafunziWaUzi

Samahani kwa kudandia. Mimi niko kwenye kasa wa kijani na nimekwama mgongoni. Yale magamba makubwa nayakata mangapi? Kila picha naona tofauti.

mbawakawa_6

Kasa wa kijani: 5 katikati kufuata uti wa mgongo, na jozi 4 ubavuni. Ya pembezoni ni madogo, yakate baadaye. Ng'amba naye ana hesabu hiyohiyo, ila ya kwake yanalaliana kama vigae, kwa hiyo anza kubandika kutoka mkiani kwenda kichwani ili la mbele lilalie la nyuma. Kila gamba lijenge peke yake juu ya karatasi ya kuokea isiyoshika gundi, likipoa unalibandua kama stika. Ukikosea moja hujaharibu kumi.

NyuziNaMawimbi (mleta uzi)

Nimerudi. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa mezani.

BiMkasi, nilipiga picha ile usiku uleule. Kijivu kimoja, kama ulivyosema. Cha ajabu, kitu pekee kilichoonekana ni vinyonyeo vya kitenge, kwa sababu vidoti vyake ni vyeupe. Nikaelewa kwamba mwanga ulikuwepo siku zote, ila nilikuwa nimeuficha chini ya minyiri.

Sikubandua kitu. Nimeongeza. Kwenye minyiri mitatu ya mbele nimepitisha vipande vyembamba kama majani ya nyasi, upande wa juu: waridi iliyopauka, kijivu cha lulu, na kipande cha njano ambacho sikudhani kingekaa na zambarau. Pale inapopishana nimetia bluu nyeusi chini yake. Ile minyiri mingine mitano nimeiacha na giza lake. Matumbawe ya nyuma yamepata neti mbili. Nimepiga picha ya nyeusi na nyeupe mara 11, na kwenye ile ya mwisho nimehesabu minyiri yote 8.

Sindano namba 14 na spiriti vimefanya kazi. Nimeshona sentimita 40 bila uzi kukatika.

Limebaki jicho. Nimelikata mara nne, na kila mara anakuwa na sura ya samaki. Nifanyeje?

BiMkasi

Hongera sana dada yangu. Umenifurahisha na hiyo njano.

Jicho lako bila shaka umelipa mboni ya duara. Mboni ya pweza ni kama ufa uliolala, na hubaki imelala sawa na upeo wa bahari hata mwili ukiwa umeinama. Wako kichwa kimeinama kushoto, sivyo? Basi usiiinamishe mboni pamoja na kichwa. Kata ufa mweusi, uulaze sawasawa, kope ya juu iwe nzito na ifunike kidogo mboni, halafu doa la mwanga la milimita 2, jeupe kabisa, liguse ukingo wa mboni. Usiliweke katikati.

Na usilibandike kwa pasi bado. Lishike kwa pini, lala, asubuhi ulitazame upya.

NyuziNaMawimbi (mleta uzi)

Kichwa kimeinama kushoto ndiyo, na mboni nilikuwa nimeiinamisha nacho. Nimeilaza sasa hivi, iko kwa pini. Ni pweza. Kesho asubuhi nikimkuta bado pweza, nabandika na kuanza kushona kuanzia kope.