Nyumba-duka Mji Mkongwe: lipu ya saruji inabanduka, tatizo nini?

Mpitanjia: Wakuu, nyumba ipo Hurumzi, Unguja. Duka chini, makazi juu, roshani ya mbao. Wengine wanaiita ya Kiarabu, wengine ya Kihindi, kwa sababu ya mlango wa kuchonga. Ukuta wa dukani ulipigwa lipu ya saruji, sasa inabanduka mabamba mabamba kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno. Aina ya nyumba inatambuliwaje? Na lipu irudishwe vipi?

KutaNne: Usianze na mlango. Milango ya Unguja imehamishwa na kuuzwa sana, na mingine imechongwa juzi tu. Tazama uso wa nyumba. Ya Kiarabu imeupa mtaa mgongo: ukuta mtupu, mlango mmoja mzito, baraza nje, vyumba vimezunguka ua wa ndani. Ya Kihindi imeufungulia mtaa: chini mbao za duka za kukunja karibu upana mzima, juu roshani, nyembamba mbele na ndefu kwenda nyuma. Yako ni hii, ya wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat, karne ya 19. Ila kuna chotara: nyumba ya Kiarabu iliyotobolewa ukuta wa mbele baadaye ili kupata duka. Ukikuta ua ndani, ndiyo hiyo. Upana wa vyumba haukusaidii. Zote zimebanwa na urefu wa boriti za mikoko, mita 3 hivi.

Mchokaa: Hapo kwenye kiuno ndipo jibu lilipo. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, unanyonya maji ya ardhini. Chokaa huyaacha yatoke. Saruji huyafungia, yanapanda juu zaidi huku chumvi ikiganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Yakifika kwenye ncha za boriti zilizozikwa ukutani, zinaoza. Zichome kwa bisibisi pale zinapoingia ukutani. Ikizama kama kwenye keki, ita fundi mbao kwanza.

Ziba panapovuja kwenye mabati na mifereji. Bandua saruji yote kwa patasi na nyundo ndogo, si mashine. Acha ukuta ukauke, hata miezi kadhaa. Chumvi ifagiliwe kavu. Ukiiosha inarudi ndani. Kisha chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa, ndoo 1 kwa mchanga ndoo 3, na mchanga wa ufukweni usiuguse. Lowanisha ukuta, piga tabaka zisizozidi sentimita 1 na nusu, funika kwa magunia mabichi kwa wiki nzima. Rangi iwe chokaa pia. Rangi ya plastiki ni saruji iliyovaa kanzu.

Mpitanjia: Shukrani. Fundi anataka kutia saruji kidogo ili ishike haraka.

Mchokaa: Mkatalie. Chokaa hushika kwa kuvuta hewa polepole, na hiyo "kidogo" ndiyo itakayoziba vitundu.

KutaNne: Pia pata kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla ya kugusa uso wa nyumba, eneo hilo ni Urithi wa Dunia tangu 2000. Mbao za duka zikioza chini, kata kipande kilichooza tu uunge kipya. Usibadilishe kwa geti la chuma: bolti zake zikipata kutu ndani ya matumbawe huvimba na kupasua jiwe, na ufa huanzia hapo hapo kwenye tundu.