Acheni kuwauzia watu saundi kadi za mamilioni wakati chumba chenyewe kinapiga kelele

Wakuu, hii tabia ya wauza vifaa na wanaojiita washauri wa studio hapa Dar imepitiliza. Kijana anafungua studio Sinza au Mbagala, chumba mita tatu kwa tatu, feni inanguruma, bodaboda zinapita dirishani, halafu anakamuliwa mamilioni kwa saundi kadi (kifaa cha kuingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta) kwa sababu "inarekodi kilohezi 192", yaani inapima sauti mara 192,000 kwa sekunde. Za nini?

Sikio la binadamu linaishia kilohezi 20, na la mtu mzima chini ya hapo. Kadi hubeba sauti hadi nusu ya namba yake: ukirekodi kwa 48 umeshabeba mpaka 24, chenji inabaki. Na wimbo wenyewe unaenda wapi? Redio ya FM inakata kila kitu juu ya 15, kwa sababu kwenye 19 kuna toni ya kuongozea stereo na haitakiwi kuguswa. YouTube nao wanalibana faili kabla halijamfikia msikilizaji. Kinachoongezeka ni mzigo tu: traki moja (sauti moja iliyorekodiwa peke yake) ya biti 24, yaani kila kipimo kimeandikwa kwa tarakimu 24 za kompyuta, kwa 48 inakula MB 8.6 kwa dakika, kwa 192 inakula 34.6. Wimbo wa dakika nne wenye traki 20 unatoka MB 690 unafika GB 2.8. Kompyuta inakwama, prodyuza anaongeza bafa (akiba ya sauti inayosubiri kuchakatwa), mwimbaji anajisikia amechelewa kwenye hedifoni. Kisha yule yule mshauri anarudi kumuuzia kompyuta mpya!

Biti 24 chukua, hilo halina mjadala. Ila msidanganywe na desibeli 144 za kwenye karatasi, yaani nafasi kati ya kelele ya chini na sauti kubwa kabisa. Saundi kadi nzuri kabisa zinacheza 120 na ushee, za bei ya kawaida siku hizi zinapita 110. Sasa chumba chenye feni kina kelele ya desibeli 40, mwimbaji anafikisha 90 kwenye maiki: umebaki na 50. Zilizobaki umelipia hewa.

Wengine wanabebeshwa pia kloki ya nje, kifaa cha kupanga mwendo wa vipimo hivyo vya sauti. Kifaa kikiwa kimoja, kloki yake ya ndani inatosha. Ya nje ina kazi pale vifaa kadhaa vya dijitali vinapounganishwa, maana kila kimoja kikifuata mwendo wake utasikia "tik" kila baada ya muda.

Kinachoua rekodi za mji huu ni ethi mbovu, ule waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Ule mvumo wa umeme wa hezi 50 na 100 hauondoki kwa kubadilisha saundi kadi. Chomoa chaja ya laptopu, rekodi sekunde kumi kwa betri. Mvumo ukipotea, mwite fundi umeme akague waya wa ethi na nondo yake ardhini (nyumba nyingine za kupanga haipo kabisa), kisha vifaa vyote vichomekwe soketi moja. Na asitokee mtu wa kukata pini ya ethi ili mvumo uishe. Hiyo inaua.

Halafu sponji ya sentimita tatu ukutani. Inanyonya "s" na "t", besi inabaki inazunguka, sauti ya mwimbaji inatoka kama kaimbia ndani ya pipa. Piga fremu nne za mbao, jaza pamba ya mawe ya sentimita 10, funika na kitambaa kinachopitisha hewa, ziache mbali na ukuta sentimita 5 hadi 10. Mbili nyuma ya mwimbaji, moja kila upande. Mdomo ukae sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki, vilele vya sauti visipite desibeli -10 kwenye mita ya programu. Feni zima wakati wa teki, hata kama joto linaua.

Maiki ya kondensa ikianza kukwaruza, kabla hujaitupa iweke kwenye kasha lenye silika jeli. Unyevu wa huku unaingia kwenye kapsuli, sehemu ya maiki inayopokea sauti.

*Mchangiaji:* Mkuu, na wanaorekodi kwaya au taarabu laivu, maiki 16 kwa mpigo? Kadi ya matundu mawili itawafikisha wapi?

*Mwanzisha uzi:* Hao walipie, wana haki. Wanalipia matundu na priampu (vikuza sauti ya maiki) 16 za kueleweka, sio kilohezi 192. Wengine wote, mwambieni muuzaji awapigie rekodi mbili, ya ghali na ya kawaida, sauti zilingane kabisa, maana inayozidi hata desibeli moja huonekana tamu, na asiseme ipi ni ipi. Akigoma, ondokeni na hela zenu.