Tupeane uzoefu: chakula gani cha kupeleka kazini siku ya kila mtu na bakuli lake?

MpishiWaKota
Wakuu, mwisho wa mwaka unabisha hodi na ofisi nyingi zitafanya ule mtindo wa kila mtu kuja na chakula, kinapangwa mezani, watu wanajipakulia. Tupeane uzoefu wa vitu rahisi ambavyo bakuli linarudi nyumbani tupu.

Naanza na kipimo changu. Chakula kitapikwa saa kumi na moja alfajiri, kitapanda daladala, kitasubiri kwenye kabati la ofisi mpaka saa saba mchana. Kisichovumilia safari hiyo kiache, hata kiwe kitamu vipi. Chipsi hazivumilii. Ugali ndio usiseme. Samaki wa kukaanga anavumilia kidogo, ila harufu yake itabaki kwenye kiyoyozi mpaka Jumatatu.

Kipimo cha pili: kiliwe kwa mkono mmoja, mtu amesimama, mkono wa pili umeshika soda. Ndiyo maana katlesi zinaisha kabla ya pilau.

BiMkubwa_Jikoni
Katlesi basi. Viazi kilo 1, nyama ya kusaga nusu kilo, zinatoka kama 25 za saizi ya yai.

Viazi vichemshwe na maganda yake. Ukivimenya kwanza vinakunywa maji, na hayo maji ndiyo yanayopasua katlesi kwenye karai. Vikiiva mwaga maji, rudisha sufuria motoni dakika moja vikauke, menya, ponda vikiwa vya moto. Vikipoa vinapondeka kwa mabonge.

Nyama ipike na tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na ndimu mpaka isikike ikikwaruza sufuria, yaani hakuna mchuzi kabisa. Kitunguu maji kilichokatwa chenga na kotimiri viingie moto ukiwa umezimwa. Changanya na viazi, onja chumvi, finyanga, weka kwenye friji usiku. Asubuhi chovya kwenye yai lililopigwa, kaanga. Mafuta yawe ya moto kiasi kwamba yai likigusa linatoa povu papo hapo. Mafuta yakiwa baridi yai linabanduka na kubaki chini ya karai, katlesi inabaki uchi na kunywa mafuta. Usizijaze karai, tano au sita zinatosha.

SambusaNiSambusa
Bi Mkubwa umemaliza. Mimi nipo upande wa sambusa kwa sababu moja: unaweza kuzifunga wiki nzima kabla, zikakaa kwenye friza. Nusu kilo ya nyama inajaza manda 25 mpaka 30, inategemea mkono wako. Siri ni ile ile, ujazo uwe mkavu na uwe umepoa. Ujazo wa moto unalainisha manda, zinachanika pembeni, mafuta yanaingia, yanaruka. Gundi ni unga wa ngano na maji, nzito kama uji wa mtoto, na ile pembe ya mwisho uibonyeze vizuri kwa sababu hapo ndipo zinapofunguka.

Zitoke kwenye friza moja kwa moja kwenda kwenye mafuta, usisubiri ziyeyuke. Moto wa wastani. Moto mkali unababua nje, unaacha mikunjo ya ndani mibichi.

Kosa la wengi liko kwenye kubeba. Wanazitia kwenye hotipoti zikiwa za moto na kufunga. Mvuke hauna pa kutokea, unarudi kwenye manda, saa saba zinapatikana kama zimepikwa kwa maji. Sambusa zisafiri kwenye boksi la karatasi lililotandikwa tishu za jikoni, juu kitambaa.

AfyaKwanza
Naomba nivunje sherehe kidogo. Mwanzisha mada, hiyo safari yako ya alfajiri mpaka saa saba ni saa nane. Chakula chenye nyama, yai, maziwa, tui au wali kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, na hewa ikizidi nyuzi 32 kama Dar ya Desemba, saa 1 tu. Ama kiwe cha moto juu ya nyuzi 60, ama kiwe cha baridi chini ya 5. Hapo katikati ndipo bakteria wanapozaana.

Wali watu wanauonea huruma kwa sababu hauna nyama, na ndio una kisa chake. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka na kutoa sumu, na hiyo sumu haiondoki hata ukiupasha upya. Pilau lililoachwa kwenye sufuria usiku kucha haliokolewi na maikrowevu.

Kwa hiyo katlesi na sambusa za nyama za alfajiri ziingie friji ya ofisi mara zikishafika. Mkoba wa baridi wenye vipande vya barafu ni mzuri zaidi kwa njiani, lakini acha zipoe kwanza.

SambusaNiSambusa
Sambusa ya friji ikipashwa kwenye maikrowevu inakuwa ngozi, dada. Labda ofisi iwe na oveni: nyuzi 180, dakika 10, zinarudi kukakamaa.

AfyaKwanza
Basi asiye na oveni na anayekaa mbali aache nyama. Apeleke kitu kikavu.

MpishiWaKota
Nimekubali. Kumbe kipimo kigawanywe: anayekaa karibu au mwenye hotipoti ya kweli alete vya moto, anayetoka mbali alete vikavu. Vikavu ni vipi? Visheti, kashata, half keki, nini kingine?

Mwanaidi_wa_Mkate
Mkate wa kumimina! Ukishaiva hauna majimaji, unakatika vipande nadhifu, hauhitaji sahani wala kijiko, na asiyekula ngano anakula.

Mchele vikombe 2, loweka usiku kucha. Mwaga maji, saga na tui zito kikombe 1 na robo, hamira kijiko cha chai 1, iliki nusu kijiko. Saga mpaka ukisugua kati ya vidole usisikie chenga. Acha uumuke, kwa joto la pwani ni kama saa nzima. Ukishajaa povu ndipo utie sukari robo tatu ya kikombe na ute wa yai moja, ukoroge taratibu. Sukari ukiitia mwanzo uji unakuwa mwepesi na hauumuki vizuri.

Sufuria ya inchi 8 ipakwe mafuta na ipashwe kabla ya kumimina, ukisikia unachachatika ujue umeanza vyema. Moto mdogo chini mpaka vishimo vionekane juu, kisha oveni nyuzi 180 kwa nusu saa, au mkaa juu ya mfuniko kama zamani.

Ukibonyea katikati, uliachwa kuumuka kupita kiasi, na utausikia kwa harufu ya hamira. Ukiwa na tabaka zito lililolala chini kama ubwabwa, tui lilikuwa jembamba au mchele haukusagika. Usiukate wa moto, unashika kisu. Pika usiku ukishapoa funga, asubuhi kata vipande 16. Vikiwa vimebanana kwenye kontena, weka karatasi kati ya tabaka.

KaruMombasa
Kwetu mahamri na mbaazi hazijawahi kubaki mezani. Mahamri: unga nusu kilo, sukari nusu kikombe, hamira vijiko vya chai 2, iliki kijiko 1, tui zito kikombe 1 na kidogo. Kanda dakika 15, liumuke, gawa madonge 6, sukuma unene wa nusu sentimita, kata robo nne, ni 24. Likisukumwa jembamba halina tumbo, likiwa nene linabaki bichi ndani. Kwenye mafuta limwagie mafuta ya moto kwa mgongo wa kijiko, hapo ndipo linafura. Yakipoa kidogo yafunge kwa kitambaa, sio mfuko wa plastiki, yatatoka jasho.

Mbaazi nusu kilo zilowe usiku, zichemshe bila chumvi mpaka zivunjike kwa kidole. Tui jepesi kwanza, likikauka ndio tui zito na chumvi, moto mdogo, usifunike. Ukiliacha tui zito litokote kwa nguvu linakatika, mafuta juu maji chini. Hizi ni za hotipoti tu, tui likipoa halichukui muda kuchacha.

Hotipoti nayo ina adabu yake. Itie maji yanayochemka, funga dakika 10, mwaga, pangusa, mimina mbaazi zikiwa zinatokota mpaka karibu na ukingo. Hotipoti nusu tupu inapoa upesi. Na usifungue kila mtu akipita kuchungulia.

Mdau_Ughaibuni
Huku Kanada jambo hili wenzetu wanalifanya sana na ofisi huwa na friji na oveni. Kuku wa nazi anapendwa na watu wote, hata wasioijua Afrika Mashariki: mapaja yasiyo na mifupa kilo moja na nusu, tui la kopo la mililita 400 makopo 2, tangawizi, kitunguu saumu, manjano, ndimu mwishoni. Pilipili weka pembeni kwenye kibakuli. Mapaja, si kidari, kidari kikipashwa mara ya pili kinakuwa kamba. Mpike siku moja kabla, mpoze haraka kwenye vyombo vifupi, kisha friji.

KatibuWaKamati
Upande wa kupanga. Bila orodha mtapata mapilau manne na hakuna kachumbari. Tuma orodha kwenye grupu wiki moja kabla yenye nafasi: wanga wawili, nyama wawili, mboga na maharage watatu, vitafunwa wanne, vitamu wawili, matunda, vinywaji, vyombo. Nafasi ikijaa imejaa.

Kiasi: mchele kilo 1 unashibisha watu 8 ukiwa peke yake, lakini pakiwa na vyakula kumi mezani unafika 15, kwa sababu kila mtu anapakua kijiko kimoja kimoja. Vitafunwa piga kimoja na nusu kwa kichwa. Watu 20, vipande 30, usijiue kwa 80.

Kila chombo kiwe na karatasi: jina la chakula, kama kina nyama na ni nyama gani, kama kina karanga, maziwa au yai. Kuna wanaokula halali tu, kuna wasiokula nyama kabisa. Kijiko cha kupakulia kiwe kimoja kwa kila chombo. Kijiko kilichotoka kwenye nyama kikiingia kwenye dengu, umemnyima mtu chakula. Na angalieni umeme: jagi la umeme la kuchemshia maji na maikrowevu kwenye extension moja, swichi inadondoka, foleni nzima inabaki na vyakula baridi.

Bachela_Mstaarabu
Sisi tusiojua kupika?

KatibuWaKamati
Barafu, kaka. Sahani, tishu, maji makubwa, mifuko ya takataka. Vyote hivyo husahaulika. Au leta tikitimaji, ila likatwe pale pale.

Kama unataka kujaribu, kachumbari. Vitunguu vikate vyembamba, vinyunyizie chumvi, vifikiche, suuza maji mawili, ukali unatoka. Nyanya ngumu, toa mbegu. Chumvi na ndimu zitiwe watu wakiwa wanapanga mstari, ukitia asubuhi nyanya zinatoa maji yote na unabaki na supu.

Mgeni_Jikoni
Na viazi karai je? Visivyo na nyama?

KaruMombasa
Vizuri kwa aliye karibu na kazi, gamba linalegea baada ya saa moja. Kama ni mbali fanya kachori, yaani madonge ya viazi vilivyopondwa yanayochovywa kwenye uji wa unga wa dengu na kukaangwa, zikipoa bado zina ladha. Unga kikombe 1, maji robo tatu, uji ushike kijiko. Chatini ya ukwaju: ukwaju gramu 100, maji ya moto kikombe 1, loweka dakika 20, kamua, chuja, tia pilipili, chumvi, kijiko cha sukari, chemsha dakika 5. Ibebe kwenye chupa ya kufunga kwa kusokota, isimame wima kwenye mkoba. Kontena la kubana mfuniko litamwagika kabla hujafika kituoni.