Ulinganisho: mikisa ya analogi, mikisa ya dijitali, au tuendelee kukodi muziki? (bendi ndogo, Tanga)

Besi_Chumbageni:
Salaam wanajukwaa. Bendi yetu haina meneja wala mfadhili, lakini kwa michango yetu na viingilio tumefikisha shilingi milioni tatu, na sasa wenzangu wamegawanyika kuhusu mikisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti. Wapo wanaotaka tununue Yamaha MG16XU, ya analogi, kwa hoja kwamba fundi yeyote wa hapa Tanga akiiona anajua pa kushika. Wengine wanataka Behringer XR18, ya dijitali, ile isiyo na vitufe vya kusukuma juu na chini, inayoendeshwa kwa tableti. Waliobaki wanasema tuendelee kukodi muziki, yaani vyombo vya sauti, na fedha ziende kwenye matangazo na kurekodi, kwa kuwa wapenzi wetu hawaji ukumbini kutazama mikisa. Tungependa kuamua kabla ya mfungo ili tuutumie mwezi huo kwa mazoezi na tuwe tayari kwa maonyesho ya Idi. Naomba maoni ya waliotumia vyombo hivi.

FundiMitambo:
Ndugu yangu, umeuliza bei ya kanzu bila kutaja kimo cha mvaaji. Mko wangapi, na nani anapiga nini? Spika mnazo? Mnapiga ukumbini au uwanjani? Na kubwa kuliko yote, nani atakayekaa kwenye mikisa wakati ninyi mko jukwaani?

Besi_Chumbageni:
Shukrani, mkuu. Waimbaji ni watatu, kisha gita, besi, kinanda, dramu, na fidla kwa nyimbo zetu za mtindo wa taarabu. Spika kubwa mbili tunazo, pamoja na monita moja (spika ya kujisikilizia jukwaani). Mara nyingi tunapiga kwenye kumbi ndogo za Ngamiani na mahali pa wazi upande wa Raskazone. Fundi wetu ni mdogo wake mpiga dramu, kijana msikivu ambaye bado anajifunza.

FundiMitambo:
Sasa tunaweza kuzungumza. Waimbaji watatu, fidla, maiki ya gita, laini ya besi, na maiki nne za dramu ni njia kumi za kuingiza sauti. MG16XU ina njia kumi za maiki, kwa hiyo kinanda kitaingia kwenye njia za stereo na mtakuwa mmeijaza. Siku mkialika mpiga zumari au mwimbaji wa nne, itabidi mtu mmoja anyang'anywe maiki. XR18 ina njia kumi na sita za maiki, na bado kuna jozi nyingine ya laini kwa ajili ya kinanda. Upande wa monita, ya kwanza ina njia nne za AUX, yaani za kutoa sauti kwenda kwenye monita, lakini ukitaka mwangwi wake wa ndani, moja huliwa na mwangwi huo. Ya pili ina sita. Hilo mtalihisi siku mwimbaji atakapotaka kusikia kinanda tu na mpiga dramu akataka kusikia besi tu.

Kuhusu kurekodi, ambako naona wenzenu wa upande wa tatu hawajatazama vizuri, tofauti ni kubwa zaidi. Kwa waya wa USB, XR18 hupeleka kwenye kompyuta njia kumi na nane, kila moja peke yake, hivyo onyesho likiisha mnaweza kukaa nyumbani mkashusha dramu iliyozidi na kupandisha sauti iliyofifia. MG16XU hupeleka mchanganyiko wa kushoto na kulia tu. Kilichokosewa usiku ule kimekosewa moja kwa moja. Mkitaka kuwatumia mashabiki nyimbo za ukumbini kila mwezi, hesabu hiyo iingie kwenye uamuzi wenu.

Kaole_Ufukweni:
Nawasalimu kutoka Bagamoyo. Kama lengo lenu ni matamasha, msinunue kwa ajili hiyo. Kwenye jukwaa la chuo cha sanaa cha TaSUBa na majukwaa ya aina hiyo vyombo huwa vipo na mafundi wapo. Watakachowaomba ni orodha ya njia zenu na mchoro unaoonyesha kila mtu anasimama wapi. Karatasi hiyo haigharimu kitu, na bendi nyingi changa hufika bila kuwa nayo.

Lakini kuhusu kukodi, nina la kusema. Kwa onyesho letu la kwanza la kiingilio tulikodi muziki kwa mtu ambaye sitamtaja, tukakubaliana vyombo vifike saa tisa alasiri ili tupate muda wa kupima sauti. Vilifika baada ya swala ya Isha, kwa sababu alivipitisha kwanza kwenye harusi. Aliyekuja navyo hakuwa fundi bali utingo wa gari, na waya za maiki zilikuwa zimesokotana na waya za umeme katika gunia moja la katani. Njia tatu za mikisa zilikuwa zimebandikwa plasta nyeupe iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, “mbovu”. Mwimbaji wetu wa kike alikabidhiwa maiki yenye wavu uliobonyea, na juu yake palikuwa na rangi ya mdomo ya mtu mwingine. Kila alipopandisha sauti, spika zilipiga mluzi, na yule kijana, kwa kuwa hakujua mluzi unatoka njia ipi, alishusha sauti ya wote. Watu waliolipa kiingilio walianza kutoka kwenda kununua mishkaki nje, na wengi wao hawakurudi. Baadaye mwenye muziki alidai malipo yake yote, akisema kwamba makubaliano yalikuwa ya kuleta vyombo, wala hapakuwa na neno juu ya kusikika.

Mwana_wa_Ngamiani:
Pole sana, dada, ila mkasa huo ni hoja dhidi ya mwenye muziki mmoja, si dhidi ya kukodi. Wapo wanaofika mapema na fundi wao. Mimi niko upande wa tatu. Bendi ndogo haifi kwa kukosa mikisa. Hufa kwa kuwa watu wanapata habari za onyesho kesho yake. Andikeni namba za simu mlangoni kwa ridhaa ya wenye simu. Kumbukeni tu kwamba orodha ya matangazo ya WhatsApp huchukua watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yenu. Kundi huchukua hadi 1,024, lakini humo kila mtu anaona namba ya mwenzake, na akina mama wengi hawalipendi jambo hilo, nami nawaunga mkono. Chaneli inaficha namba za wanaoifuata, ila mazungumzo yanakuwa ya upande mmoja. Mimi ningeweka chaneli kwa ratiba, na kundi dogo kwa wale wapenzi wa kweli wanaokuja kutunza.

MzeeWaTaarabu:
Vijana, mnanishangaza. Tanga hii ilikuwa na vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, Shakila Saidi aliimba humu, na upande wa dansi tulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Je, walikuwa na tableti? Watu walikuja kwa sababu ya mashairi na gita lililopigwa sawasawa. Fedha hizo mpeni mtunzi mzuri, na fidla isimame karibu na maiki ya mwimbaji.

FundiMitambo:
Shikamoo mzee wangu. Kwa mashairi sina ubishi, lakini fidla ikitegemea maiki ya mwimbaji, na dramu iko nyuma yake, fundi atakayeipandisha fidla atakuwa ameipandisha dramu. Ifungwe maiki ndogo kwenye mwili wake.

MzeeWaTaarabu:
Marahaba. Maiki ya kufunga inaifanya fidla ilie kama nzi ndani ya kopo. Sikubali.

Kinanda_na_Gita:
Tuwaache wakubwa na fidla yao. Nimetumia mikisa za aina zote mbili, na kwa mazingira yetu kuna mambo ambayo hayajatajwa. Umeme ukikatika na kurudi, ya analogi inaamka papo hapo, wakati ya dijitali huanza kuwaka upya na ninyi mmesimama mbele ya watu. Kwa hiyo bei ya XR18 ijumlishwe na UPS ndogo, yaani betri ya kushikilia umeme unapokatika, iwe ya mikisa pamoja na ruta ya Wi-Fi inayoiunganisha na tableti. Ndiyo, ruta ya nje ni ya lazima. Ukumbi ukijaa simu, masafa ya Wi-Fi ya 2.4 GHz husongamana, na tableti ikipoteza mawasiliano huwezi kumshusha mwimbaji anayepiga mluzi. Tumieni 5 GHz, au afadhali zaidi kijana wenu akae na kompyuta iliyounganishwa kwa waya.

Kwa upande mwingine, Raskazone ni baharini. Hewa ya chumvi inaingia kwenye vitufe vya kusukuma vya analogi, na baada ya muda kila ukikigusa kimoja spika zinakwaruza. Mikisa yoyote mtakayonunua isafiri ndani ya sanduku lenye mfuniko.

Halafu monita yenu moja, pamoja na mluzi: kama maiki zenu ni za namna ya SM58, ile maiki ya waimbaji ya Shure, ambazo hazisikii vizuri kitu kilicho nyuma yake, monita iwekwe nyuma ya maiki ikimtazama mwimbaji usoni, si ubavuni. Hilo halihitaji hata shilingi katika zile milioni tatu.

Besi_Chumbageni:
Nimewasomea wenzangu majibu haya mazoezini. Aliyekuwa wa kukodi sasa anataka XR18 kwa sababu ya kurekodi, na aliyekuwa wa XR18 ameogopa habari za umeme na ruta, kwa hiyo kura zimebaki vilevile, ila waliozipiga wamebadilishana viti. Mdogo wake mpiga dramu ameomba apewe nafasi ya kukaa na fundi mwenye uzoefu kabla hatujanunua chochote. Je, kuna fundi hapa Tanga ambaye angemruhusu aangalie?

FundiMitambo:
Aje. Nitumie ujumbe pembeni nikueleze mahali na siku. Ajifunze kwanza kukunja waya.

Mwana_wa_Ngamiani:
Na mabango ya Idi mmeshayachapa, au bado mnabishana?

MzeeWaTaarabu:
Huyo mpiga fidla wenu ni mtu wa wapi? Kikundi chetu kina shughuli baada ya Idi, na wetu amehamia Mombasa.