Naomba ushauri: New Spring tuisome lini?

Wakuu, kikundi chetu cha kusoma hapa Mwanza kinaanza The Wheel of Time, mfululizo wa riwaya za fantasia, vitabu 14 (1990 hadi 2013). Tumekwama kwenye New Spring ya 2004. Matukio yake yanatangulia The Eye of the World, kitabu cha kwanza, kwa takriban miaka 20, ila mwandishi Robert Jordan alikitoa baada ya kitabu cha 10.

Wanaotaka tuanze nacho wanasema ni chepesi: sura 26, wakati kitabu cha kwanza kina 53. Kweli, ukiwa unasubiri kivuko Kamanga sura moja inaisha. Shida ni siri. Moiraine, mmoja wa Aes Sedai (wanawake wenye uwezo wa uchawi), anapoingia kijijini kule mwanzo hujui anatafuta nini, na huo wasiwasi ndio utamu wenyewe. New Spring inakumwagia yote mapema, tena inathibitisha kuwa Ajah Nyeusi, kundi la siri la Aes Sedai wasaliti, wapo. Na ule mtihani wa kufuma uchawi mara 100 bila kupoteza utulivu, nani atausikia uzito wake kama hajawajua Aes Sedai?

Naegemea kukiweka baada ya cha 5. Wenzangu wanang'ang'ania cha 10. Nakala ni moja, watu sita, wiki moja kila mmoja. Mliosoma, tukikiweka baada ya cha 5 kuna kinachoharibika? Msifichue mwisho jamani, wengine hawajaanza.