Bao la Aziz Ki pale Loftus: tunamlaumu refa kwa kosa lisilo lake?

Mtoto wa Jangwani (mleta mada)

Wakuu, nianze kwa kujitambulisha asije mtu akaniita kolo, yaani shabiki wa Simba. Mimi ni Yanga, kadi ninayo, na usiku wa Aprili 5, 2024 nililala na jezi. Kocha Gamondi kaondoka, Aziz Ki mwenyewe kaenda zake Wydad ya Morocco, lakini jana kijiweni kahawa imetupoa mikononi kwa sababu ya shuti lile lile.

Kwa aliyesahau: robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, mara yetu ya kwanza kufika hapo tangu mashindano yawe ya makundi. Kwa Mkapa, Dar es Salaam, Machi 30, tulitoka 0-0 na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini. Tukaenda Pretoria, uwanja wa Loftus Versfeld. Kipindi cha pili Aziz Ki akaachia mkwaju, kipa wao Ronwen Williams akabaki anausindikiza kwa macho, mpira ukagonga mtambaa panya kwa chini, ukadunda, ukarudi uwanjani. Vijana wetu mikono juu. Refa Dahane Beida wa Mauritania akasikiliza kinachosemwa na chumba cha VAR, wale waamuzi wasaidizi wa video, akaamuru mchezo uendelee. Kwenye skrini ya pembeni mwa uwanja, kutazama marudio mwenyewe, hakwenda. Dakika 90 zikaisha 0-0, tukaenda kwenye matuta, yaani mikwaju ya penalti, tukafa 3-2.

Uzito wa bao lile haukuwa mdogo. Bao la ugenini lilikuwa bado linahesabiwa, kwa hiyo tukitangulia pale, Sundowns lazima wafunge mawili. Na wao uchungu huo waliujua vizuri: Mei 2023 Wydad aliwatoa nusu fainali pale pale Loftus kwa sare ya 2-2, baada ya 0-0 ya Casablanca.

Sasa hoja yangu, na najua nitatukanwa. Kelele zetu zote ni "kwa nini hakwenda kuangalia". Mimi naona tumegonga mlango wa jirani. Penalti au kadi nyekundu ni mambo ya refa kupima kwa akili yake, ndiyo maana anaitwa kwenye skrini. Mpira kuvuka mstari ni kama kuotea: umevuka au haujavuka. Utaratibu wa VAR unaruhusu jambo la namna hiyo limalizwe na waliomo chumbani, refa anaambiwa sikioni basi. Angekimbia hadi kwenye skrini angeonyeshwa picha zile zile walizoziona wenzake, na picha zile hazikutosha. Ligi ya Mabingwa Afrika ilikuwa haina teknolojia ya mstari wa goli. Anayetakiwa kujibu ni CAF, shirikisho la soka Afrika, na sisi tulimaliza mwezi mzima tukimtukana Mmauritania.

Karibuni.

Mnyama Mkali

Utopolo, nyie Yanga, mna misiba mirefu! Usiku ule ule Al Ahly alitupiga sisi Simba 2-0 Cairo, tukalala, tukaamka, tukanywa chai. Nyie mpaka leo mmekaa matanga.

Utani pembeni. Hivi matuta mlifunga mangapi? Mawili. Beida ndiye aliyewapigia yale mengine?

Dada wa Chamazi

Mtoto wa Jangwani, umeeleza vizuri halafu umeteleza mwishoni. Utaratibu unasema kwa jambo la kupimika *kwa kawaida* taarifa ya chumbani inatosha. Haukumkataza refa kwenda. Na umeacha mlango wazi kwa makusudi kabisa: anaweza kwenda kuangalia mwenyewe hata kwa jambo la namna hiyo, pale inapomsaidia kutuliza wachezaji na kuufanya uamuzi wake ukubalike. Kama robo fainali iliyo 0-0, benchi zima limesimama, nahodha ana mikono kichwani, si mahali pake, basi mahali pake ni wapi? Kwenye bonanza la Pasaka?

Halafu kuna jambo watu wanalitaja kwa kunong'ona, mimi nalisema wazi. Rais wa CAF, Patrice Motsepe, ndiye aliyekuwa mmiliki wa Sundowns, na klabu sasa inaongozwa na mwanawe. Sisemi kuna aliyepiga simu. Sina ushahidi na sipendi maneno ya "wamenunua mechi". Nasema hivi: ukiwa refa wa mechi yenye kivuli cha namna hiyo, unatembea hatua thelathini hadi kwenye skrini hata kama unajua jibu. Unatembea ili uonekane umetembea.

Mtoto wa Jangwani

Dada, hapo kwenye kivuli umenibana, nakiri. Lakini jiulize: angetembea, akatazama, akarudi akasema si bao, tungemshukuru? Tungesema kaenda kuigiza.

Dada wa Chamazi

Tungesema. Ila leo tusingekuwa na la kubishania kwenye kahawa.

Kibendera

Nachezesha ligi ya mkoa, mwaka wa tisa huu, sanasana kama mshika kibendera. Niwape kitu ambacho ukiwa jukwaani hukioni.

Shuti la mbali likipigwa, msaidizi yuko sambamba na beki wa mwisho au na mpira, ule ulio karibu zaidi na goli. Analinda kuotea. Mpira unasafiri haraka kuliko miguu ya binadamu yeyote, kwa hiyo unapodunda langoni yeye yuko mita kadhaa nyuma, anautazama kwa ubavu wa mshazari, nguzo imemziba nusu. Macho yake hapo yanakisia. Anayekwambia "mimi niliona kabisa" ama ni mwongo ama ni mgeni kwenye kazi.

Mimi mwenyewe niliwahi kulia. Ndondo moja, uwanja wa vumbi, nyavu zimetoboka kama neti ya mbu ya geto. Shuti kali, mpira huo ndani ya nyavu, nikakimbilia katikati, bao. Kumbe ulipita nje ya nguzo ukaingilia kwenye tundu la pembeni. Nilikuja kulijua tundu baada ya filimbi ya mwisho, kipa kanishika mkono kanipeleka akaingiza kichwa chake mle ili nione. Mpaka leo nikikagua uwanja naanza na nyavu.

Na kuhusu Beida: Februari 11 mwaka ule ule alipewa fainali ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, Ivory Coast na Nigeria. Miezi miwili haijaisha, mnataka kuniambia kasahau sheria?

Sheria ya 10 ya soka haina huruma: mpira WOTE uvuke mstari WOTE. Watu wanatazama pale mpira ulipogusa nyasi. Mpira una upana wa sentimita 22 hivi. Ukigusa majani nyuma ya mstari kwa sentimita 5, bado tumbo lake limening'inia juu ya chokaa. Si bao. Jaribuni nyumbani.

Ingwe Damu, Kakamega

Wabongo mko na raha nyinyi. Mnateta kuhusu refa kukataa kuenda kwa skrini. Huku kwetu ligi haina hiyo skrini yenyewe, refa akikosea tunabaki tu na yeye.

Mnyama Mkali

😂😂 Ingwe Damu kamaliza. Mleta mada, kafanye jaribio la Kibendera uje utuambie.

Mbeba Boksi, Ohio

Salaam kutoka baridini. Niongeze ya huku, maana mkidhani refa anatukanwa Bongo tu, njooni vuli, Jumamosi ya mpira wa vyuo, ule wa Kimarekani wa kubeba mkononi.

Wenyeji wangu hapa ni Ohio State watupu. Januari 3, 2003 walicheza na Miami fainali ya taifa, ikaenda muda wa ziada. Miami wanaongoza, Ohio State wamebakiza jaribio la mwisho. Mpira ukarushwa pembeni mwa eneo la kufungia, ukaanguka. Mchezo umekwisha. Fataki zikapigwa, watu wa Miami wakamiminika uwanjani. Halafu refa Terry Porter, baada ya kusita, akatupa kitambaa cha njano: beki kamshika mpokeaji. Mchezo ukaendelea, Ohio State wakashinda 31-24. Nendeni Miami mkaulize, watawaambia tuliibiwa. Hapa ninapofanya kazi kuna mzee fundi wa mitambo ambaye ukimtajia anaacha spana, anakushika bega kwa mkono mmoja, wa pili anakuvuta shati, anakuonyesha beki alivyoshika. Kila mtu mpya kazini lazima avutwe shati.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha zamani zaidi. Katika mchezo huo timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira, la tano halipo. Novemba 1940 Cornell walicheza na Dartmouth, wako nyuma 3-0, sekunde za mwisho, refa akapoteza hesabu akawapa la tano. Wakafunga, 7-3. Baadaye wakaitazama filamu ya mechi, wakahesabu, wakaona ni kweli. Cornell wakapeleka simu ya maandishi kwa Dartmouth: ushindi ni wenu. Vitabuni imeandikwa Dartmouth 3-0 mpaka leo.

Mtoto wa Jangwani

Sundowns wanaisoma hii? 😅

Mbeba Boksi, Ohio

Ngoja, sijamaliza. Mwaka 1990 kosa lile lile likawatokea Colorado na Missouri. Jaribio la tano, Colorado wakafunga, 33-31. Hao hawakurudisha kitu. Na msimu ulipoisha wakawa mabingwa wa taifa kwa kura, wakigawana na Georgia Tech. Kwa hiyo Cornell msiwategemee sana.

Dada wa Chamazi

Na kwetu Afrika mkuu ukigusa matokeo unaamsha balaa jingine. Fainali ya Ligi ya Mabingwa 2019, Esperance ya Tunisia na Wydad, Radès. Bao la El Karti wa Wydad limekataliwa, Wydad wanadai VAR, VAR siku hiyo haifanyi kazi, wakagoma kuendelea. CAF wakaamuru mechi irudiwe. Kesi ikaenda mahakama ya michezo Uswisi, amri ya kurudia ikatenguliwa, mwisho wa yote kombe likabaki Tunis. Wanasheria ndio waliokula. Kwa hiyo mimi sidai mechi ya Pretoria irudiwe wala nani apewe nini. Nadai sauti. Uingereza siku hizi wanarusha kwenye televisheni mazungumzo ya refa na chumba cha VAR, mwananchi anasikia kwa masikio yake. Nataka kumsikia yule wa chumbani akimwambia Beida "sina picha ya kutosha", kwa maneno hayo.

Kibendera

Hilo naliunga mkono kwa mikono miwili. Litatulinda hata sisi.

Mtoto wa Jangwani

Nimerudi kutoka kwenye jaribio.

Nimechukua mpira wa mwanangu, namba 5, nimeupima: sentimita 22 kweli. Nimechora mistari miwili ya chaki sakafuni, imeachana sentimita 12, maana ndiyo mwisho wa upana wa mstari unaoruhusiwa. Nikaweka kiti kiwe nguzo. Nikausogeza mpira kidogo kidogo huku natazama kutoka juu, halafu simu nikaiweka pembeni kwa mshazari, kama kamera ya uwanjani, nikawa napiga picha kila hatua.

Picha ya nne ya simu mpira uko ndani kabisa, na majani, naapia, ungekuwa unayaona katikati ya mpira na mstari. Nikainama juu yake: bado umening'inia kwenye chaki, kama upana wa kidole. Nikahamisha simu upande wa pili wa kiti, mpira ule ule, sijaugusa, ukaonekana uko juu ya mstari. Mke wangu kaingia kaniuliza kama niko salama.

Wajapani mnawakumbuka Qatar 2022? Mpira wa Mitoma na Hispania, pembeni mwa goli. Picha zote za runinga zilionyesha umetoka. Vipimo vikasema umebaki kwa chini ya milimita 2. Bao likakubaliwa, Mjerumani akapanda ndege.

Na cha ajabu, jambo hili hili la Aziz Ki lilishatokea nchi ile ile, Afrika Kusini. Bloemfontein, Juni 27, 2010, Kombe la Dunia: Lampard wa Uingereza na Ujerumani, mtambaa panya, ukadunda ndani, ukatoka, refa akapeta. Ule ulikuwa umevuka hata kipofu aliona. Miaka miwili baadaye watunga sheria wakapitisha teknolojia ya mstari: kamera saba kila goli, saa ya refa inatetema ndani ya sekunde moja. Miaka 14 tangu Bloemfontein, mwendo wa nusu siku tu kwa gari, tumepigwa na mtambaa panya huo huo bila hata kamera moja ya mstarini.

Dada wa Chamazi, suala la sauti nimelichukua, liko kwenye hoja yangu kuanzia sasa. Suala la kutembea hadi kwenye skrini bado silinunui.

Mnyama Mkali

Ngoja ngoja. Kwa hiyo baada ya chaki yote hiyo, lile lilikuwa bao au halikuwa?

Mtoto wa Jangwani

Juzi ungeniuliza ningekupiga ngumi. Leo najibu: sijui. Mwanangu kaja kuchukua mpira wake, kaangalia ile picha ya nne, kasema "Baba, hili ni bao." Nimemwambia akalale.