Kuondoa grisi ngumu ya kuhifadhia kwenye zana za zamani bila kuziingiza kutu

Mjukuu wa Nachingwea (Mikindani) anauliza:

Ndugu mafundi, nawasalimu nyote, na wakubwa wangu shikamooni.

Mwezi uliopita tuligawana vitu vya marehemu babu yetu aliyeishi Nachingwea, nami nikapewa sanduku la mbao ambalo, kwa kumbukumbu ya mama, halijafunguliwa tangu yeye akiwa msichana. Ndani yake nimekuta jiriwa ndogo ya mezani (ya kubania kitu kinachofanyiwa kazi), keekee ya mkono ya kutobolea yenye gia za wazi, maikromita ya inchi moja (ya kupimia unene), vyuma vya kukatia hesi, yaani mistari ya skrubu, patasi, pimamaji yenye mwili wa aluminiamu, na randa ya chuma yenye mpini wa mbao. Kila kimoja kimefungwa kwa karatasi yenye nta, na chini ya karatasi kuna grisi ya kahawia ambayo juu imekauka ikawa ngumu kama mshumaa, lakini ndani ya meno ya gia bado inanata kama asali.

Nilianza kwa pupa na sasa najuta. Nilichukua patasi moja, nikaikwangua kwa kisu, nikaifuta kwa kitambaa chenye petroli mpaka ikang'aa, kisha nikaiacha kwenye dirisha linalotazama ghuba. Siku ya tatu nilikuta madoa mekundu ya kutu, na doa kubwa kuliko yote lilikuwa na umbo la kidole gumba changu. Zana hizi zimekaa miongo mingi bila kupata hata chembe ya kutu, na mimi nimeiharibu moja kwa siku tatu.

Naomba kujua grisi hii ni ya aina gani, inatolewaje bila kukwangua, na nifanye nini baada ya kuitoa. Jirani yangu ananishauri nichemshe kila kitu pamoja na kostiki soda ile ya kutengenezea sabuni, lakini nimeona nisubiri kwanza nisikie kutoka kwenu.

Mkerezaji wa Chikongola anajibu:

Marahaba, mjukuu. Umefanya vyema kusimama kabla ya kugusa ya pili.

Hiyo ni grisi ya kuhifadhia, nayo ni tofauti na grisi ya kulainishia tunayoipaka kwenye beringi. Imetengenezwa kwa mafuta mazito na nta za petroli, na kazi yake ni moja tu, yaani kuzuia hewa na unyevu visifike kwenye chuma. Ile ya Wamarekani, inayoitwa Cosmoline, ndiyo waliyopaka bunduki, bastola na vipuri vya magari wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ili visafiri baharini na kukaa ghalani miaka mingi. Ikiwa mpya huwa laini. Kadiri miaka inavyopita sehemu yake nyepesi huyeyuka hewani, na inayobaki huwa ngumu kama ulivyoikuta. Kwa hiyo usiihesabu kuwa uchafu. Ndiyo sababu pekee ya zana za babu yako kukufikia zikiwa nzima.

Sasa, grisi ya namna hii huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto kati ya 45 na 52 hivi, na kwa sisi wa pwani hii joto hilo tunalipata bure. Chukua bati, liweke juani kuanzia saa nne asubuhi, liinamishe kidogo, tandika matambara ya pamba chini yake, kisha iweke zana ndani ya mfuko wa nailoni nyeusi juu ya bati hilo. Ndani ya mfuko joto hupanda kuliko hewa ya nje, na kufikia alasiri utakuta grisi imetiririka upande wa chini yenyewe, bila kisu na bila petroli. Igeuze zana upande wa pili, urudie kesho yake. Jiriwa, kwa kuwa ina chuma kingi, itachukua siku mbili au tatu. Vyuma vya kukatia hesi vitamalizika kwa siku moja. Usione taabu kungoja, kwa sababu jua halimkwaruzi mtu chuma chake.

Utando mwembamba utakaobaki, utoe kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, ukiwa kivulini. Nasisitiza kivulini: mafuta ya taa yakipashwa joto kufikia nyuzi 38 au zaidi kidogo huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto, na bati lililokaa juani Mtwara hupita hapo kwa urahisi. Joto ni hatua ya kwanza na mafuta ya taa ni hatua ya pili, usizichanganye.

Lakini kosa lililokuharibia patasi halikuwa petroli peke yake. Kosa lilikuwa kuiacha tupu. Chuma kilichooshwa kikatakata hakina kinga yoyote, na hewa ya Mikindani ina unyevu na chumvi ya bahari. Jasho la kidole nalo lina chumvi, ndiyo maana kutu ilichora gumba lako. Kabla ya kufungua karatasi ya zana yoyote, weka kwanza mafuta mazuri na kitambaa kikavu karibu yako. Mafuta ya cherehani yanatosha kwa vitu vidogo; kwa jiriwa tumia oili mpya ya injini namba 30 au 40. Mafuta ya taa yenyewe usiyahesabu kuwa kinga, kwa kuwa hukauka na kuondoka.

Na zana ambayo hutaitumia mwaka huu, iache katika karatasi yake kama ilivyo.

Fundi Pikipiki (Masasi) anajibu:

Namheshimu sana mzee aliyetangulia, lakini kwa uzoefu wangu njia ya jua ni ya polepole mno. Hapa gereji tunaloweka vipuri kwenye karai la petroli kwa nusu saa, tunavipuliza kwa kompresa, na kazi imekwisha. Baada ya hapo tunavipaka oili chafu tuliyoitoa kwenye injini, kwa kuwa haina gharama, na vinakaa bila shida. Kwa beringi na gia zenye meno madogo sioni njia nyingine itakayofika ndani kabisa.

Mwalimu wa Karakana (Lindi) anajibu:

Kaka wa Masasi, nakuomba uniwie radhi, kwa sababu nafundisha vijana na siwezi kulinyamazia hili.

Petroli hutoa mvuke unaowaka hata katika baridi kali mno, achilia mbali joto letu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea, bali hutambaa sakafuni, na unaweza kufika kwenye jiko la mkaa lililo chumba cha pili huku wewe uliyeinamia karai huna habari. Huyu mwenzetu anafanya kazi hii nyumbani, ambako kuna watoto na kuna kupika. Mafuta ya taa huchukua muda mrefu zaidi, lakini hufika ndani ya meno ya gia vilevile ukiiloweka keekee usiku kucha kwenye ndoo yenye kifuniko, nje ya nyumba.

Kuhusu kompresa, usiipulize beringi kavu mpaka ikazunguka kwa kasi. Gololi huchubuana kwa kukosa mafuta, na kipande kikichomoka huruka kama risasi.

Kuhusu oili chafu, najua inatumika kila mahali, hata kwenye nguzo za uzio dhidi ya mchwa. Hata hivyo, oili iliyotoka kwenye injini imebeba tindikali, maji na masizi ya uchomaji, na tindikali hiyo ndiyo hula chuma polepole. Tena ina kemikali zinazoweza kusababisha saratani mtu akizishika kwa miaka. Chupa ndogo ya mafuta ya cherehani itatosha sanduku zima, kwa kuwa kinachotakiwa ni utando tu.

Sasa nije kwa mwenye swali. Jirani yako hajui kuwa una pimamaji ya aluminiamu. Kostiki soda huila aluminiamu hapo hapo, ikitoa gesi ya haidrojeni inayolipuka, na povu lake likiruka machoni huweza kumpofusha mtu. Hata kwenye chuma huacha uso mtupu kabisa unaodai mafuta mara moja. Maji ya moto peke yake yanaweza kusaidia kwa jiriwa na patasi, kwa kuwa grisi hupanda juu na chuma kilichotoka humo kikiwa cha moto hujikausha chenyewe. Lakini tumia maji ya mvua, kwani visima vingi vya pwani vina chumvi. Pimamaji usiichemshe, kwa sababu kile kichupa cha kioo kitapasuka.

Maikromita itendee kwa heshima ya peke yake. Usiiweke juani, usiichemshe, usiipitishie msasa wala brashi ya waya, hata kama utaona doa. Ilainishe kwa pamba iliyoloa mafuta ya taa, ngoja robo saa, futa, rudia. Kwenye hesi tumia kijiti laini cha mwanzi. Ikizunguka bila kukwama, tia tone moja la mafuta ya cherehani, funga taya zake taratibu juu ya karatasi safi, vuta karatasi itoke na uchafu uliobaki, kisha tazama kama inasoma sifuri. Ukiihifadhi, acha mwanya mdogo kati ya taya, zisishikane.

Vaa glovu, maana mafuta ya taa hukausha ngozi ikapasuka. Matambara yaliyoloa yatandaze nje yakauke, usiyarundike mvunguni. Grisi iliyoyeyuka usiimwage kwenye mtaro wala baharini. Ikusanye kwenye kopo, kwani nikikupa siri ya fundi, hiyo hiyo unaweza kuipaka tena kwenye zana unazotaka kuzihifadhi.

Mjukuu wa Nachingwea anaandika tena:

Nawashukuru sana, mzee wangu na mwalimu wangu, na wewe kaka wa Masasi pia. Nimeweka jiriwa na vyuma vya hesi juani kwa siku mbili, na sikuamini macho yangu: namba zilizochongwa kwenye chuma zinasomeka kama zimepigwa jana. Maikromita inasoma sifuri kamili. Pimamaji na vyuma viwili nimevirudisha kwenye karatasi yake.

Yamebaki mambo mawili. Mpini wa randa umenyonya grisi na kila nikiufuta unatoa jasho jeusi. Pia kwenye kifuniko cha sanduku kuna alama ya mshale mpana iliyochomwa kwa moto. Nayo ni ya nini?

Mkerezaji wa Chikongola anajibu:

Mshale huo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, hasa ya jeshi. Mradi wa Karanga, yaani mpango wa Waingereza wa kulima karanga kwa mashine, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951 ulifika mpaka Nachingwea, na uliendeshwa kwa sehemu kubwa kwa vifaa vya jeshi vilivyobaki baada ya vita. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Siwezi kusema sanduku la babu yako lilitoka huko, ila lisingekuwa geni katika mji ule. Baadaye Nachingwea ilikuwa pia na kambi ya mafunzo ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji. Kwa sababu hiyo nawaambia wote wenye masanduku kama haya: ukifungua karatasi ukakuta bastola au risasi, usiisafishe wala usiijaribu. Iache ilipo, toa watu chumbani, ukawaite polisi, kwani kuwa na silaha bila leseni ni kosa, na risasi ya zamani haitabiriki.

Mpini utoe kwenye randa kwanza. Saga chaki nyeupe, ikoroge na mafuta ya taa kidogo mpaka iwe uji mzito, upake mpini wote, uuweke kivulini penye upepo. Chaki ikikauka itakuwa imevuta grisi na kugeuka kahawia. Ipanguse, upake tena. Huenda ukarudia mara nne au tano. Usiuweke kwenye bati la moto, kwa sababu mbao ya zamani ikikauka ghafla hupasuka kwenye tundu la skrubu, na mpini wa umbo lile hutaupata dukani.